Uzi wa Kumi na Tatu

Mama hushona kofia hapa Sib,
mtaa wa nyuma ya duka la gesi,
viyoyozi vikinguruma kama majirani
wanaogombana kwa sauti ya chini.
Kila kitundu cha kiua hukizungushia uzi.
"Kumi na tatu," husema. "Si kumi na mbili.
Kwa kumi na mbili kitundu hukaa mdomo wazi."

Mimi kazi yangu iko Al-Khudh, chumba kisicho na dirisha.
Nazima taa, nawasha darubini.
Seli imelala kwenye kioo, vijirija vyake vimetiwa kijani,
vimetawanyika toka katikati kwenda kila pembe.
Ukikata kimoja, ukakichungulia kwa mdomoni,
utaona duara, na duara limejengwa kwa nyuzi.
Nilihesabu mara mbili kwenye picha,
nikacheka peke yangu gizani:
kumi na tatu.

Dokta Harith wa Nizwa anasema ni falaji.
Kwake kila kitu ni falaji.
Ndani ni tupu, kweli, lakini si njia ya maji.
Mzigo hupita nje, juu ya mgongo:
hamali wa miguu miwili, asiye na uso,
hatua, hatua,
kabeba kifuko kinachomshinda ukubwa,
anaelekea ukingoni.
Mwenzake anarudi na taka za siku.
Na barabara yenyewe haitulii!
Mbele inajengwa, tofali pacha juu ya tofali pacha,
mara inaporomoka,
inarudi kwa kasi kuliko ilivyokwenda.
Kinachoizuia ni kofia.
Ndivyo tuiitavyo hata sisi wa maabara:
ncha yenye matofali mapya, ambayo nguvu zake hazijaisha.
Kofia ikivuka, nyuzi zote hupinda nje
kama maganda ya ndizi.

Nilipomweleza mama, hakuinua macho.
"Basi hicho ni mwanamume wa Kiomani," akasema.
"Bila kofia hatoki."

Mwezi wa Rajabu wakamkuta na uvimbe, titi la kushoto.
Dawa asili yake ni gamba la mti wa nchi za baridi,
mti ambao mimi wala yeye hatujawahi kuuona.
Najua inachofanya. Nalipwa kujua.
Haivunji kitu. Inakataza kuvunjika.
Inakikuta kijirija kimesimama, inakiambia:
kaa hivyo hivyo.
Na seli inayotaka kuwa mbili
inatandaza kamba, inakamata kromosomu, inavuta,
lakini kuvuta ni kubomoa kidogo kidogo,
na kamba hazifupiki tena.
Inabaki hapo, mikono imenyooshwa, mpaka inakufa.
Uvimbe ukanywea. Alhamdulillahi.
Nimesema alhamdulillahi, na bado nasema.

Ila neva ya mkono wa mama
inatoka shingoni hadi ncha ya kidole:
seli moja tu, na mkia mrefu
kama kanzu ya mtoto wa miaka mitatu.
Mle nako barabara zimegandishwa.
Mahamali wanajikwaa.
Kidole kilicho mwisho wa safari
ndicho cha kwanza kulala njaa.

Jana usiku nimemkuta sebuleni
na kofia ya mjukuu wake Azzan, ya Idi.
Sindano imemwingia kidole gumba, hana habari.
Tone moja jekundu, ubavuni mwa kiua cheupe.
"Mama, umejichoma."
"Wapi?"
Akautazama mkono
kama anautazama wa jirani.

Akaufuta kwa mate, akaendelea, kwa macho peke yake.
Nikamwashia tochi ya simu.
Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Akasita.

"Hesabu wewe," akasema.
"Mimi siusikii uzi."